Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Kifaa cha Kusomea: Historia ya Mwanamke na Kalamu Yake



Msimu wa harusi ukikaribia, maswali yanayotufikia huwa ya nguo, hina na udi. Siku hizi limezuka swali jengine. Bibi harusi anatuambia hivi: badala ya pochi ya tatu ndani ya begi, nimemwambia mchumba aniletee kifaa cha kusomea vitabu, kile ambacho naweza pia kukiandikia kwa mkono. Je, nichague kipi?

Tungeweza kutaja jina moja tukamaliza. Lakini mambo mawili yametokea miongoni mwetu mwaka huu, na yametufanya tulitazame swali hili kwa utulivu zaidi.

La kwanza, mmoja wetu alifungua kasha la bibi yake aliyetangulia mbele ya haki. Chini ya kanga, ndani ya mfuko wa nailoni, palikuwa na daftari la skuli. Bibi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: siku walizozaliwa wanawe, vipimo vya bizari za pilau ya watu mia, dua alizofundishwa na somo yake, na madeni, yaliyolipwa na ambayo hayakulipwa. Wino umefifia, lakini kila mstari ulisomeka.

La pili, mwenzetu mwengine alikuwa akiandika darsa zake kwa kalamu juu ya kifaa cha kusomea kwa miaka 3. Siku moja skrini haikuwaka tena. Fundi alikifungua, akakifunga, akamrudishia. Hakuwahi kutoa nakala hata moja ya alichoandika. Sherehe nzima ya kitabu cha fiqhi, maswali aliyoyauliza na majibu aliyopewa, vyote vimekwenda.

Daftari la senti chache limeishi kuliko mwenyewe. Kifaa cha fedha nyingi kimekufa mbele ya mwenyewe. Ndiyo maana leo tunataka kulijibu swali la bibi harusi kwa kupitia historia, kwani wanawake waliotutangulia nao walichagua vyombo vya kusomea na kuandikia, na walichokijua bado kinatufaa.

Kurasa zilizowekwa kwa Bi Hafsa

Tuanze mbali kidogo, Madina. Imepokewa katika hadithi ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Bi Hafsa akamkuta Shifaa binti Abdillahi, akamwambia amfundishe Bi Hafsa kisomo cha kuponyesha maradhi ya ngozi kama alivyomfundisha kuandika. Kwa hiyo mwalimu wa kuandika alikuwa mwanamke, na mwanafunzi alikuwa mke wa Mtume.

Huyo huyo Bi Hafsa ndiye aliyewekewa kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar. Zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, na baada ya Umar kwa binti yake. Sayyidna Uthman alipotaka kuandikisha misahafu ya kupelekwa miji mbalimbali, alituma kwa Bi Hafsa kuziazima. Zikanakiliwa, naye akarudishiwa zake.

Tuyaangalie mambo mawili aliyoyafanya Bi Hafsa. Aliziweka vizuri, na zilipohitajika alizitoa zikanakiliwa. Kuweka na kunakilisha ni kazi mbili, na moja haitoshi bila ya nyengine.

Kusoma ruhusa, kuandika kwa siri

Sasa turudi kwetu. Mtoto wa pwani alianzia chuoni, juu ya mkeka, na ubao wake. Aliandikiwa aya kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, akazisoma mpaka zikaingia moyoni, kisha ubao ukaoshwa ukaandikwa upya. Akipanda, alipewa juzuu, halafu msahafu. Msahafu uliwekwa juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja chenye umbo la herufi eksi. Marufaa ilikuwa heshima kwa kitabu, na pia raha kwa mwili: kitabu kinainuka, shingo haipindi sana, mikono inabaki huru.

Mtoto wa kike alisomeshwa kusoma. Kuandika lilikuwa jambo jengine. Mshahidi wetu ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa Ujerumani 1886, anaeleza kwamba binti za jumba walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hakukuhesabiwa kuwa kwa wanawake. Yeye akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukazoea.

Siri hiyo haikukaa siri. Mwaka 1859, nduguye Barghash alipojaribu kumpindua Sayyid Majid, Salme ndiye aliyeandika barua za kundi lile, kwa sababu alikuwa na mkono wa kuandika. Alikuwa na umri wa kama miaka 15. Jaribio lile lilishindwa na likamletea majuto makubwa maishani. Hatuitaji habari hii ili tumsifu kwa fitina ya ndugu. Tunaitaja kwa sababu inaonesha kwa nini watu walikuwa na wasiwasi na kalamu mkononi mwa mwanamke. Anayesoma tu hupokea maneno ya wengine. Anayeandika ana neno lake, na neno lake linaweza kutoka nje ya mlango.

Mgonjwa wa Pate na karatasi yake

Mwaka wa nyuma yake tu, 1858, kaskazini mwa pwani yetu, mwanamke mwengine alikuwa na neno lake. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na utawala wa Unguja. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti, Mwana Hashima, ambaye siku zake za ndoa zilikuwa mbele. Alijua kwamba huenda hatakuwepo kumwambia anayotakiwa kuambiwa.

Basi akatunga utendi wa beti zaidi ya 100. Mwanzo wake ni jambo la nyumbani kabisa: anamwita binti yake aje karibu, na aje na wino na karatasi. Kisha anamuusia, kwanza juu ya dini yake, halafu adabu, ulimi, mume, nyumba na jirani. Mwishoni hamwambii binti yake peke yake, anawaomba na wanawake wengine wausome. Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye.

Wengi wetu tumewahi kusomewa beti zake siku za harusi, na kila mmoja ana maoni yake juu ya wasia ule: wapo wanaoukubali wote, na wapo wanaosema baadhi ya mambo yalikuwa ya zama zile. Hilo ni somo la siku nyengine. Leo tunauliza: karatasi ya mgonjwa wa Pate imetufikiaje sisi?

Imetufikia kwa sababu haikubaki moja. Wanawake waliuhifadhi, wakausoma kwa sauti, na nakala za mkono zikapita nyumba kwa nyumba. Mwana Hashima aliishi umri mrefu. Mtaalamu wa lugha Alice Werner aliyefika Lamu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliufanyia kazi utendi huo, na mwaka 1934 ukachapishwa kitabu kizima Uingereza pamoja na William Hichens. Wino wa kwanza, ule wa 1858, ungeweza kuliwa na mchwa bila ya hasara kubwa, kwani maneno yalikwishahamia kwenye karatasi nyengine.

Pembeni na kati ya mistari

Siyu hiyo hiyo ya Bwana Mataka ilisifika kwa misahafu ya kuandikwa kwa mkono, yenye mapambo ya wino mweusi, mwekundu na manjano. Ukitazama maandishi ya zamani ya pwani yetu, utaona kwamba ukurasa haukuwa wa kusomwa tu. Qasida ya Hamziya, kwa mfano, imehifadhiwa katika nakala ambazo Kiarabu kipo kwenye mstari, na Kiswahili cha Sayyid Aidarus kimeandikwa chini yake, kati ya mistari. Na vitabu vya fiqhi tunavyodurusu mpaka leo vina matini katikati, sherehe pembeni na hashiya chini yake. Mwanafunzi naye huongeza yake kwa penseli: maana ya neno, jina la mwalimu, tarehe ya darsa.

Kwa hiyo kusoma kwetu tangu zamani ni kusoma na kalamu mkononi. Ukurasa usio na nafasi ya pembeni ni ukurasa nusu. Tulikumbuke hili tunapofika dukani.

Wino usiokauka

Vifaa vya leo navyo vilipita njia ile ile, kusoma kwanza, kuandika baadaye.

Wino wa kielektroniki ulitokana na kazi ya mwalimu Joseph Jacobson na wanafunzi wake katika chuo cha MIT, Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa 1997. Ndani ya skrini mna vifuko vidogo mno, unene wa unywele hivi, na ndani ya kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukipita, nyeupe zinapanda au nyeusi zinapanda, na herufi inaonekana. Zikishapanda zinabaki hapo bila ya kula umeme. Ndiyo maana betri hukaa wiki na siyo saa. Na ndiyo maana jicho halichoki haraka: skrini ya simu inakumulikia mwanga usoni, lakini ukurasa huu unasomeka kwa mwanga wa dirisha, kama karatasi. Taa zake, kama zipo, huwekwa ukingoni na kumwaga mwanga juu ya ukurasa.

Sony walitoa Librie huko Japani mwaka 2004, na Amazon wakatoa Kindle mwishoni mwa 2007. Vyote viwili vilikuwa vya kusoma, bila ya kalamu ya kuandikia ukurasani. Kampuni ya iRex ya Uholanzi ilitoa iLiad mwaka 2006 yenye kalamu, lakini ilikuwa ghali na haikuenea. Ni mwaka 2017, reMarkable ya Norway ilipotoka, ndipo kifaa cha kuandikia kwa mkono kilipoanza kuwa kitu cha kawaida. Kobo Elipsa ikafuata 2021 na Kindle Scribe 2022.

Kuwa na kalamu pia hakukumaanisha kuwa na pembeni. Kindle Scribe ilipotoka, katika vitabu vya kawaida vya dukani uliandika kwenye kikaratasi kilichofunguka juu ya kitabu, na siyo juu ya ukurasa wenyewe. Kwenye PDF ndiko ulikoweza kuandika moja kwa moja. Programu zake zimebadilika tangu hapo, lakini funzo ni lile lile: uliza kalamu inaandika wapi.

Sasa, bibi harusi achague vipi?

Tunamshauri aulize maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni la mwili. Utasomea wapi? Kama ni kitandani, au huku unanyonyesha siku za mbele inshaallah, uzito ni jambo kubwa. Kifaa cha inchi 7 kama Kobo Libra kina gramu 200 na kidogo. Kindle Scribe ya kwanza, yenye inchi 10.2, ina gramu 433, na reMarkable 2 ina kama gramu 400. Tofauti hiyo mkono utaihisi kabla ya kumaliza sura moja. Lakini kwa darsa na kuandika, kikubwa ndicho kizuri, kwani kiganja kinapata pa kukaa. Ukichukua kikubwa, usikishike hewani. Kitafutie marufaa yake, yaani kava linalosimama au kibao cha kuegemeza. Na kama unasoma usiku mwenzio amelala, hakikisha kina taa. reMarkable 2 haina.

La pili ni la maandishi. Je, kinaonesha Kiarabu sawasawa, kutoka kulia, na irabu mahali pake? Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Nenda na faili lako la PDF la kitabu unachosoma darsani, lifungue hapo hapo. Kwenye skrini ya inchi 6, ukurasa wa kitabu chenye sherehe na hashiya hugeuka sisimizi. Kwenye inchi 10 husomeka bila ya kuvuta.

La tatu ni la kalamu. Andika mistari mitano kwa mwendo wako wa kawaida, Kiarabu na Kiswahili. Angalia kama wino unafuata ncha ya kalamu au unachelewa nyuma. Weka kiganja juu ya skrini uone kama kinaacha alama. Uliza kama kalamu inahitaji kuchajiwa, kwani nyingi hazihitaji lakini baadhi zinahitaji. Uliza kama kalamu imo ndani ya boksi au inauzwa mbali, na ncha za akiba zinapatikana wapi, kwa sababu ncha huisha kama mwanzi ulivyokuwa ukiisha ukachongwa tena.

La nne ndilo watu wasilouliza, nalo ndilo lililomliza mwenzetu: nikishaandika, maandishi yangu yanatokaje? Muombe muuzaji akuoneshe kwa macho yako, kutoka ukurasa ulioandikwa mpaka faili la PDF ndani ya simu au kompyuta. Kama njia ni waya tu, jua. Kama ni intaneti ya kampuni, uliza ni ya bure au ya kulipia kila mwezi. Kama njia ni ngumu au haipo, hata kiwe kizuri vipi, kiache. Hicho ni ubao wa chuoni: siku yoyote unaweza kuoshwa, na safari hii bila ya wewe kuwa umehifadhi moyoni.

Kwa sisi wa kisiwani tunaongeza moja. Unyevu na chumvi ya bahari havina huruma na matundu ya chaji. Kiweke ndani ya mfuko wenye zipu, na usikiache dirishani upande wa pwani.

Na kama fedha haitoshi?

Basi isiwe sababu ya kumkalifisha mchumba wala kuongeza deni juu ya harusi. Daftari gumu la kurasa 200 na kalamu nzuri ya wino vinakidhi maswali matatu kati ya manne, na la nne utalikidhi kwa kupiga picha kila ukurasa kwa simu na kumpelekea mtu mmoja unayemwamini. Salme alianza na mfupa wa ngamia.

Atakayejaaliwa kupata kifaa, tunampa kazi moja ya wiki ya kwanza. Asikianze kwa kukijaza vitabu mia asivyovisoma. Afungue ukurasa mtupu, aandike kwa mkono wake mambo aliyoambiwa na mama yake, shangazi yake na somo yake kabla ya kutoka nyumbani kwao: ya dini, ya jikoni, ya ulimi, ya subira, na yale ya kucheka pia. Aandike jina la aliyesema kila neno, na tarehe. Kisha siku hiyo hiyo atoe nakala mbili, moja aiweke kwenye simu, moja aichapishe karatasi aitie kashani.

Na kila mwisho wa mwezi arudie kutoa nakala. Mwenzetu yule ameshanunua daftari jipya. Anakwenda nyumba kwa nyumba kwa wanafunzi wenzake wa darsa, anaazima madaftari yao na kuyanakili, ili arudishe kidogo alichopoteza. Ameshafika mlango wa twahara. Tumuombee Allah amsahilishie, na atujaalie sote elimu yenye manufaa, inayobaki baada yetu.

Wabillahi tawfiq.